Barua ya wazi: karatasi yenu ina kalasi sita, shule yetu ina kumi na moja

Lubumbashi

Kwa Waheshimiwa wenye kusimamia shule za msingi za serikali za upande wetu wa mji,
Kwa wenye kutayarisha listingi ya malipo ya walimu,
Kwa viongozi wa komini (manispaa) na wajumbe wetu katika baraza la jimbo,

YAHUSU: hesabu ya watoto, walimu na kalasi za shule yetu

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima yote inayostahili kazi yenu. Mimi ni mwashi. Nina watoto watatu katika shule moja ya msingi ya serikali huku komini ya Annexe, na katika komiti ya wazazi mimi ndiye mwandishi, maana yake daftari linalala kwangu. Kuandika barua za hadhara si kazi yangu. Nimezoea kuandika mifuko ya simenti na siku za vibarua. Kwa hiyo mkiona nahesabu sana, mnisamehe, ndivyo nilivyofundishwa kazi.

Tumewaandikia mara tatu. Barua ya kwanza ilipokelewa vizuri, ikagongwa muhuri, tukaambiwa tungoje. Ya pili vilevile. Siku tulipopeleka ya tatu tuliambiwa wino wa muhuri umekwisha. Tulikaa kwenye benchi la koridoo tangu saa tatu hadi saa saba, mimi, makamu wa komiti na mama mmoja muuza makala (mkaa) aliyefunga biashara yake siku hiyo ili aje. Mwishoni mfanyakazi mmoja wa ofisi alituonea huruma, akaandika kwa kalamu "imepokelewa" na kutia sahihi. Mungu ambariki. Nakala zote tatu ziko ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati langu, kwa sababu nyumba yangu nayo inavuja. (Naam, nyumba ya mwashi.) Jibu la ombi lenyewe halijafika, la karatasi wala la mdomo.

Ndiyo maana leo tunasema mbele ya watu. Sijaja kutukana mtu. Majina ya wakubwa sitayataja, na jina la shule sitalitaja, maana direkta wetu ameshateswa vya kutosha na sipendi aitwe kujieleza kwa maneno yangu. Ninyi mnaijua shule. Dosie yake iko kwenu.

Shida yetu yote inatoka mahali pamoja. Kwenye karatasi zenu shule yetu ina kalasi sita, kuanzia ya kwanza hadi ya sita, moja moja, kama ilivyokubaliwa ilipofunguliwa. Kwa kila kalasi iliyo kwenye karatasi kuna mwalimu mmoja wa kulipwa, na pesa za kuendesha shule zinafuata karatasi hiyohiyo. Lakini watoto hawakuifuata karatasi. Walikuja. Leo kuna kalasi kumi na moja, na zile tano za zaidi, kwa macho ya serikali, ni hewa.

1. HESABU YA WATOTO

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za serikali. Miaka kumi na mitatu neno hilo lilikaa kitabuni. Septemba 2019 likashuka hadi kwetu. Nilikuwa uwanjani siku ile ya kuandikisha. Foleni ilianza mlangoni kwa direkta, ikapita chini ya mwembe, ikafika barabarani. Niliona wasichana wakubwa, wa miaka kumi, kumi na mmoja, wameshika mikono ya wadogo zao. Nikadhani wamewasindikiza. Kumbe nao walikuja kuandikwa kalasi ya kwanza.

Sitasahau siku ile, na sitakubali mtu aniambie masomo ya bure yalikuwa kosa. Yaliyofuata ndiyo kosa.

Kabla ya hapo shule ilikuwa na watoto 310. Mwaka huu, mwezi wa pili, tulipita kalasi kwa kalasi na direkta, mtoto kwa mtoto, tukapata 946. Hatukuhesabu majina ya kwenye rejista, tulihesabu vichwa vilivyokuwa vimekaa. Ya kwanza A, 118. Ya kwanza B, 114. Za pili mbili, 101 na 97. Za tatu, 88 na 86. Za nne, 71 na 69. Za tano, 64 na 61. Ya sita ni moja tu, 77. Tazameni namna idadi inavyopungua tukipanda juu, nanyi mnaojua mambo ya shule mtasema wenyewe watoto wale wanapotelea wapi.

Wala si masomo ya bure peke yake yaliyotujaza. Annexe inauzunguka mji kama mkanda. Aliyeshindwa kodi ya nyumba katika komini za mjini, Kenya au Katuba, anakuja kutafuta kiwanja huku, anasimamisha vyumba viwili vya matofali, analeta familia. Najua, maana ni mimi na wenzangu tunaozijenga. Viwanja vimepimwa na kuuzwa, barabara zimechorwa, shule hakuna aliyeichora.

Kanuni ya serikali inasema kalasi moja ya msingi isizidi watoto 55. Kwa kanuni hiyo watoto 946 wanadai kalasi kumi na nane. Hatukuja kuomba kumi na nane, Waheshimiwa. Tunaomba zile kumi na moja ambazo tayari zipo, zenye mwalimu anayesimama mbele kila siku, ziingie kwenye karatasi.

Ninyi mnapokuja kwenye sherehe, idadi ya watoto walioingia shuleni kwa sababu ya masomo ya bure inatajwa kwenye kipaza sauti, na tunapiga makofi. Watoto wetu wamo katika idadi ile. Inakuwaje siku ya sifa wanahesabiwa, siku ya mgao hawahesabiwi?

2. WALIMU WATANO WASIOONEKANA

Kati ya walimu kumi na mmoja, sita wanalipwa na serikali. Watano hawalipwi. Kwenu wanaitwa NU, "nouvelles unités", yaani walimu wapya wasioingizwa bado kwenye malipo; kwa mtaani tunasema "hajamekanizwa". Barua za kuwapa kazi wanazo, zenye sahihi. Namba ndiyo hawana, na asiye na namba benki haimjui.

Mwalimu wa kwanza A alianza Januari 2020. Aliambiwa avumilie miezi mitatu. Watoto aliowafundisha kuandika "a" mwaka ule wamekwisha maliza kalasi ya sita, wamefanya mtihani wao, wengine wako mbele. Yeye, kwa macho ya listingi, bado hajaanza kazi.

Nilikaa katika kalasi yake asubuhi moja mwezi wa tatu, siku walimu walipobadilishana zamu, kwa sababu nilitumwa kutengeneza ubao. Nao ubao ule ni habari nyingine: rangi ilikwisha zamani, tulipasua betri za redio zilizokufa, tukasaga ule unga mweusi wa ndani, tukapaka. Basi nikiwa pale nyuma na mwiko wangu nikatazama saa. Kuita majina ya watoto 118 kulichukua dakika ishirini na sita. Alipofika jina la mwisho, wale wa kwanza walikuwa wamekwisha anza kupigana. Halafu akaandika herufi, akapita katikati ya mabenchi ili aone nani ameshika kalamu vizuri, na hakuweza kupita. Kalasi ina mita 6 kwa 9. Mabenchi 26. Kila benchi watoto wanne, mengine watano, na wa pembeni anakaa nusu, mguu mmoja nje. Gawanyeni wenyewe: mita 54 za mraba kwa watoto 118, toeni na mahali pa mwalimu. Banda la kuku tunalijenga kwa nafasi nzuri zaidi, na hapo sitanii, mteja ananipa vipimo.

Simu ya mwalimu ikalia. Akatoka mlangoni, akauza unite za simu za franga elfu moja kwa mtu aliyekuwa nje ya ukuta, akarudi. Mtoto mmoja wa mbele akamwigiza, akashika mkono sikioni, "alo, nikutumie za ngapi?" Kalasi nzima ikacheka, na mwalimu akacheka nao. Nimeyaandika haya kwa ruhusa yake. Alisema, "Andika, baba, maana nikisema mimi wataniondoa."

Mtoto asome bure, sawa, tulikubali kwa mikono miwili. Kwamba mwalimu naye afundishe bure, hilo hatukuambiwa.

3. KOSA LETU SISI WAZAZI

Nimeona niliweke humu mwenyewe kabla hamjalitoa ninyi. Ndiyo, tunachanga. Franga 500 kwa mtoto, kila wiki, kwa ajili ya wale watano. Tunajua ni marufuku. Direkta hashiki pesa hizo, hata haziangalii. Zinapita kwangu na kwa mweka hazina, na zimeandikwa.

Wanaotoa hawafiki nusu ya wazazi. Wengine hawana. Wengine wanazo na wanasema, kwa haki kabisa, "Rais alisema bure." Wiki nzuri, kila mwalimu kati ya wale watano anapata kama bei ya mfuko mmoja wa unga wa mahindi. Wiki unga unapopanda, na ninyi mnajua unavyopanda hapa Lubumbashi mizigo ikichelewa mpakani, hapati hata nusu ya mfuko.

Na pesa hizi zimetutia uadui. Kuna mama alikuja kunigombeza barabarani mbele ya watu, akisema mtoto wake aliketishwa chini kwa sababu hatoi mchango. Nilikana. Nikaenda kuuliza, nikakuta ni kweli: watoto wenyewe walikuwa wamejipangia, anayetoa anakaa benchi, asiyetoa anakaa sakafuni. Hakuna mwalimu aliyewaagiza. Walisikia maneno ya nyumbani. Nilirudi kwa mama yule nikamwomba radhi, naye akanipokea, lakini tangu siku ile nikishika lile daftari la michango mkono wangu unakuwa mzito.

Basi mkitaka kutuadhibu kwa mchango, tuadhibuni. Lakini siku mtakayousimamisha, walimu watano wataondoka, na watoto wao, 516 kwa hesabu yangu, watarudi mtaani. Kwa nini 516? Kwa sababu kalasi nne za chini, za kwanza na za pili, na moja ya tatu, ndizo walizopewa hao watano. Wenye mshahara wako juu, kwenye kalasi za mtihani. Direkta amefanya hivyo kwa kukosa njia, na mimi kama ningekuwa yeye sijui ningepanga vipi. Lakini msingi wa nyumba tumeukabidhi kwa wale tusiowalipa.

4. PESA ZA KUENDESHA SHULE

Hapa sitakaa sana. Kiasi kinachokuja ni cha kalasi sita, na hakiji kila mwezi. Chaki ya mwezi inakwisha wiki ya pili. Direkta anakopa dukani kwa jina lake. Choo kilichochimbwa kwa watoto 310 kimejaa, na wasichana wa kalasi ya sita wanaomba ruhusa kwenda nyumbani, wengine hawarudi siku hiyo. Mengine mnaweza kuyakisia.

5. ZAMU YA MCHANA NA KALASI TATU ZISIZO NA PAA

Vyumba vilikuwa sita. Mwezi wa kumi na moja upepo ulichukua paa la kimoja, mabati tukayaokota hadi kwenye uwanja wa jirani, mengi yamekunjika. Vimebaki vitano. Asubuhi kalasi sita, vyumba vitano, kwa hiyo ya tatu A inasoma chini ya mwembe. Msimu wa maembe mwalimu anafundisha watoto 88 wanaotazama juu. Mvua ikikaribia anawarudisha nyumbani, na mvua yetu ya huku, tangu mwezi wa kumi na moja hadi wa tatu, inakaribia karibu kila siku.

Mchana wanaingia wadogo, kalasi tano zile za chini. Mtoto wa miaka sita anaamka asubuhi na kaka yake, anacheza vumbini hadi saa sita, anakula kama kuna cha kula, anaingia kalasi saa sita na nusu katika joto la mabati na watoto mia moja na zaidi. Saa nane wamelala. Nimewaona. Wanalala wamekaa, mmoja amemwegemea mwenzake, safu nzima. Na mvua ikipiga mabati yasiyo na dari, mwalimu anaweka chaki chini anangoja, maana hata akipiga kelele hasikiki. Siku nyingine anangoja hadi kengele.

Sasa sikilizeni jambo ambalo lingeweza kutatua nusu ya haya. Kiangazi cha mwaka juzi wazazi tulifyatua matofali. Kila nyumba matofali 50, asiye na nguvu alileta maji au kuni. Udongo tulitoa kwenye kichuguu kikubwa kilichokuwa nyuma ya shule, udongo mzuri kuliko wowote, tukapanga tanuru, tukachoma usiku mbili. Nilijenga mimi na waashi wenzangu wanne, bila malipo, Jumamosi na Jumapili baada ya misa. Kalasi tatu zimesimama hadi linto, juu ya milango na madirisha. Hapo pesa zilikwisha. Sasa ndani yake majani yameota hadi kiunoni, na mbuzi wa jirani wanajua njia. Ukuta usio na paa unakunywa maji kila masika. Nimeupima mwaka huu, pembe moja imeanza kufunguka.

Zinahitajika nini? Mabati 110 kwa zote tatu, ya unene wa BG 28, si yale mepesi. Mbao, misumari, milango mitatu, madirisha kumi na mawili. Kazi ya mikono tutaitoa sisi. Hesabu kamili imeambatishwa kwenye barua yetu ya pili, ukurasa wa mwisho, kwa mwandiko wangu.

MAJIBU NINAYOYANGOJA

Mtasema: walimu wanalipwa na Kinshasa, sisi hatuna mkono. Ni kweli listingi inatoka mbali. Lakini wanaoipeleka huko hesabu ya hapa ni nani kama si ofisi za hapa? Na Katiba hiyohiyo, kifungu cha 204, inaweka masomo ya msingi katika kazi za jimbo, kwa kufuata kanuni zinazowekwa na serikali kuu. Kumbe tukienda kwa jimbo tunatumwa Kinshasa, na Kinshasa hatuna nauli ya kufika, wala hatuna anayetujua.

Mtasema: kuna udanganyifu mwingi, madirekta wa shule wanaongeza watoto ili wapate walimu. Hilo nalo ni kweli, nami sitalificha. Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulifichua shule hewa na walimu hewa waliokuwa wakilipwa. Tulilisikia redioni hapa nyumbani, mke wangu akaniuliza: shule isiyokuwepo inapata mshahara, mwalimu wa mtoto wetu aliye na nyama na mifupa anakosa, tofauti yao ni nini? Sikuwa na jibu. Lakini dawa ya hewa ni kuja kuhesabu. Njooni. Msitupigie simu siku moja kabla, njooni tu, saa moja na nusu asubuhi na tena saa saba mchana.

Mtasema: dosie haijakamilika. Basi tuambieni karatasi gani inakosekana. Mara ya kwanza tuliambiwa inakosekana ramani, nikachora. Mara ya pili tuliambiwa inakosekana barua ya mkuu wa kartie (mtaa), ikaletwa. Kama kuna ya tatu, itajeni kwa maandishi, tuilete, tumalize.

Mtasema: pesa za ujenzi hakuna. Hapa, Waheshimiwa, niruhusuni nisimame kidogo. Tunaishi juu ya shaba. Malori yanapita usiku kucha, vumbi lake tunalipangusa kwenye sahani. Sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 imegawanya ile redevansi, ada wanayolipa wachimbaji: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au usultani ambamo mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sisemi mtu amekula. Sijaona vitabu vyenu, siwezi kusema. Ninauliza tu katika hiyo 25 na katika hiyo 15, mabati 110 yako ukurasa gani? Na hao wa vizazi vijavyo, tunaowawekea asilimia 10, mimi ninao tayari 946, wako chini ya mwembe.

TUNAYOOMBA

Moja. Ndani ya siku thelathini, ofisi inayosimamia shule yetu itume watu wake wahesabu watoto, kalasi na walimu mbele ya komiti ya wazazi. Hesabu iandikwe nakala mbili, itiwe sahihi na pande zote mbili, nakala moja ibandikwe mlangoni pa shule.

Mbili. Kalasi tano za zaidi ziombewe kibali kabla ya mwaka ujao wa masomo kufunguliwa mwezi wa tisa, nasi tupewe namba ya barua itakayopelekwa juu, ili tujue inakaa meza gani.

Tatu. Dosie za walimu watano zipelekwe kwa malipo, na kila mmoja aambiwe kwa karatasi dosie yake imefika wapi. Akikataliwa, aambiwe sababu. Mtu mzima anaweza kuvumilia "hapana". Hii "ngojeni" ya miaka ndiyo inaua.

Nne. Komini na jimbo waweke mabati na mbao za kalasi tatu katika bajeti, kwa jina la shule, si katika fungu la jumla linaloitwa maendeleo. Tukipata vifaa hivyo kabla ya mvua, ya tatu A itatoka chini ya mwembe, zamu ya mchana itabaki na kalasi tatu tu, na wadogo wa kalasi mbili wataingia asubuhi.

Tano. Siku walimu hao watakapoanza kulipwa, mchango wa franga 500 utakufa siku hiyohiyo. Hilo ni letu, tunaahidi sisi, na daftari la michango nitalileta kwenu lichunguzwe tangu ukurasa wa kwanza.

Siku thelathini zikipita kimya, hatutafunga barabara wala kuchoma tairi. Tutafanya jambo moja: kila Jumatatu asubuhi, wazazi watakaoweza watakuja na watoto wao mbele ya ofisi, watakaa kwa mistari kalasi kwa kalasi, na mwalimu ataita majina hapo. Ya kwanza A itachukua dakika ishirini na sita. Mtakuwa na muda wa kusikiliza.

Nawashukuru kwa kusoma. Kama kuna neno lililokwaruza heshima yenu, lisomeni kama neno la mzazi aliyechoka. Namba nilizoandika ni zangu, nazisimamia. Mkikuta nimekosea hata mtoto mmoja, nitasahihisha hadharani kama nilivyoandika hadharani.

Mzazi, mwashi, mwandishi wa komiti ya wazazi.
Jina langu na namba yangu ya simu viko chini ya zile barua tatu mlizo nazo.